Sugu za Mkono wa Kushoto

Kama kuna kitu kinaniudhi duniani, ni mtu kunipa pole kabla sijalia. Shangazi Zella alinianza nayo asubuhi ile ya Jumapili, sijavuka hata kizingiti chake.

"Pole, mwanangu."

"Pole ya nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nakupa ya akiba. Najua umefuata nini."

Nikacheka. Shangazi ndiye aliyenilea tangu mama alipokwenda Ohio kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Nyumba yake inatazamana na ya kina Amburgey, na katikati kuna kijito cha Quillen, kijito ambacho hata mtoto anakiruka. Nimekua nikimtazama Corbin Amburgey ng'ambo ile, akikata kuni, akiogesha mbwa, akijifunza fidla kwa babu yake. Nilimpenda kabla sijajua kuwa hiyo ndiyo inaitwa kupenda.

"Unataka kahawa au unataka habari?" Shangazi akaniuliza.

"Vyote."

"Basi kaa. Fidla inalia ghalani kwa Amburgey." Akanisogezea kikombe kama mtu aliyesema jambo la hali ya hewa. "Miezi sasa, jua likizama tu, inaanza. Mimi nakaa zangu barazani navunja maharagwe, naisikia."

"Una hakika ni fidla?"

"We Minta! Fidla naijua kuliko nilivyoijua sauti ya marehemu mume wangu."

"Ni Corbin?"

"Sasa awe nani? Baba mtu kafa, nyumba imebaki ya mama na mwana. Labda uniambie ni ng'ombe."

Kahawa ilinishinda. Niliiweka chini, nikajifanya natazama nje.

Nisikufiche, nilikuwa nimefika pabaya. Albamu yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa karibu kwisha, na lile neno "peke yangu" ndilo lililokuwa likinichoma. Prodyuza wangu, Bwana Pruitt, alilitamka kwa furaha kila siku: ya peke yako, Minta, ya peke yako! Nimeipa jina la Upande wa Kivuli, maana upande wetu wa bonde jua linachelewa kufika na linawahi kuondoka. Nyimbo zote nimezitunga mwenyewe, lakini mahadhi yake ni yale yale ya vinywa vya bibi zetu, yale wanayoimba wakikamua maziwa na wakizika watoto. Zote zilikuwa tayari isipokuwa wimbo wa mwisho, na huo wa mwisho ndio mzizi wa albamu nzima. Mahadhi yake ni ya Babu Ezra, babu yake Corbin mzaa mama, na nyuzi za fidla lazima zikazwe kwa namna ambayo Babu aliijua yeye na akamfundisha mjukuu wake tu. Pruitt aliniletea wapiga fidla wa mjini. Walipiga vizuri, na ubaya ulikuwa hapo hapo: wimbo ulitoka umenyooka kama shati la pasi. Niliwashukuru nikawarudisha kwao.

"Jumatatu tunafunga kazi," Pruitt akaniambia. "Ukija na mpiga fidla wako, sawa. La sivyo, tafuta namna nyingine, au wimbo tunautoa."

Sasa huyo mpiga fidla wangu ni nani kama si Corbin? Tulipiga pamoja miaka mingi, harusi za watu, maonyesho ya mifugo, dansi za Jumamosi kwenye ukumbi wa zimamoto. Pete alinivisha jukwaani, fidla kaibana kwapani. Kisha baba yake akafa, mapafu yamejaa vumbi la makaa ya mawe, na siku ya mazishi Corbin alipiga magoti akainuka mtu mwingine. Mwezi ule ule, Februari, akabatizwa kijitoni, barafu ikavunjwa kwa shoka. Huku kwetu mwanamume akishaingia kanisa la kale la wazee wetu, fidla anaitundika ukutani, haipigi tena. Hapana aliyemlazimisha. Kanisani hakuna ala, ni sauti tupu, na mtu anaona haya kuwapigia watu dansi Jumamosi kisha Jumapili alie mbele za Mungu. Alitundika. Pete niliirudisha mimi, kabla sijaulizwa na mimi natundika lini gitaa.

Na leo naambiwa fidla inalia ghalani! Niliosha uso, nikavaa sketi ndefu ya Shangazi, nikabeba bakuli lake la maharagwe aliyoyapika, nikashika njia ya kanisani. Ilikuwa Jumapili ya kumbukumbu, ile ya kila Juni, majina ya wafu wa bonde yanatajwa, watu wanalia, kisha wanakula nje kwenye meza ndefu.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa yule niliyeomba nisikutane naye. Mama Orlena, mama yake Corbin, alikuwa anapanga sahani chini ya miti, mrefu, mkavu, nywele nyeupe kazifunga fundo kubwa kisogoni. Mkono wa kulia ulikuwa kazini, wa kushoto kautia mfukoni mwa aproni.

"Shikamoo, Mama Orlena."

"Marahaba, Arminta." Hajawahi kuniita Minta hata siku moja. "Umekonda. Huko mjini hawali?"

"Wanakula, mama."

"Na hilo bakuli?"

"Maharagwe ya Shangazi."

"Zella bado anazidisha chumvi?"

"Bado."

"Weka kule mwisho."

Nikaweka kule mwisho. Akanifuata kwa hatua zake za polepole, akasimama karibu nami mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake.

"Nasikia umetengeneza sahani."

"Albamu, mama."

"Sahani, albamu, mimi sijui. Wimbo wa baba yangu umo?"

"Nataka uwemo. Ndilo lililonileta."

"Utauzwa?"

"Mama..."

"Nimeuliza, utauzwa au hautauzwa?"

"Utauzwa."

"Haya." Akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Mwanangu alikaa mwaka mzima hapati usingizi, Arminta. Namsikia anatembea chumbani, huku na huku. Sasa kidogo ameanza kulala. Ukienda kumwamsha, mimi sitakusamehe. Nakwambia mapema, usije ukasema hukuambiwa."

"Mimi na yeye tuliamshana siku nyingi, mama."

"Najua. Nilikuwa nawatazama." Akanikazia macho. "Mwanamke wa jukwaani hana pa kukaa humu. Akikaa, atakufa taratibu, na atakayemzika ni mume wake. Sisemi kwa ubaya."

Hilo la "sisemi kwa ubaya" ndilo lililonipandisha hasira. Nilimgeuzia mgongo nikaanza kupanga vijiko kwa kelele, na nikiwa na hasira mimi huimba puani bila kujijua. Nikajikuta naimba mahadhi yale yale ya Babu Ezra, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Sehemu ya tatu haipandi," Mama Orlena akasema bila kugeuka. "Inashuka."

"Unasemaje?"

"Nasema funika hayo maharagwe, nzi wanatua."

Nikayafunika. Kila mtu bondeni anajua sehemu ya tatu Babu Ezra alikwenda nayo kaburini, na hii yetu ya kupanda tuliiokota wenyewe, mimi na Corbin, usiku wa mvua kwenye gari lililoharibika. Nikasema moyoni, hata hapo mama huyu anataka kunikosoa! Hana dogo.

Corbin nilimkuta kwenye chemchemi nyuma ya kanisa, anajaza madumu ya maji. Alinisikia kabla hajaniona, maana mabega yalimkakamaa.

"Minta."

"Ndugu Corbin." Nilimwita kwa jina la kanisani makusudi, nimchokoze.

"Usinifanyie hivyo."

"Nikuite nani? Yale majina mengine hapa hayafai, kuna watoto."

Akacheka. Mungu wangu, kile kicheko. Kilinirudisha miaka yote, nikamwona alivyo: mvi mbili tatu zimemwingia, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni, macho ni yale yale ya mtu anayesikiliza kitu mbali. Nilitaka kuviona vidole vya mkono wake wa kushoto, lakini kaviminya kwenye mpini wa dumu. Zamani alikuwa na sugu ngumu kwenye ncha zake, za kukandamiza nyuzi tangu utoto. Alikuwa akinishika shavu, mimi namwambia ananikwaruza, yeye anasema huo ndio mshahara pekee aliolipwa na muziki.

"Unajua kwa nini nimekuja," nikasema.

"Najua. Bonde zima linajua. Zella hakuzaliwa na siri."

"Dakika nne, Corbin. Sikuombi dansi. Hakuna watu, hakuna pombe. Chumba kimefungwa, ni mimi, wewe na kipaza sauti. Ukimaliza unaondoka, hata jina lako hatuliandiki ukitaka."

"Mungu hasomi majina kwenye sahani."

"Na wewe unasema sahani! Umekuwa mama yako."

Hakucheka safari hii. Aliweka dumu moja chini ya maji ya chemchemi, akabaki na la mkono wa kushoto, akanitazama.

"Nilikusikia redioni," akasema. "Nilikuwa kwenye lori la kazini. Ule wimbo wa mama anayesubiri barazani. Nikazima."

"Mbaya?"

"Nilijua pa kuingilia." Akatikisa kichwa. "Baada ya ubeti wa pili uliacha mwanya. Mkono ulinyanyuka wenyewe nikiwa naendesha. Ilibidi niegeshe kando."

"Ule mwanya niliuacha kwa ajili yako."

"Najua."

"Ukijua unazima?"

"Ningefanyaje, Minta? Ningelia peke yangu barabarani mpaka lini?"

Nikamsogelea. Sikumgusa, maana madirisha ya kanisa yalikuwa wazi na mama yake ana macho kisogoni, lakini nilimsogelea mpaka nikaona mshono wa shati lake ulioshonwa upya.

"Mbona ghalani unapiga?"

Akawa kama kamwagiwa maji baridi.

"Nani kakwambia?"

"Shangazi anasikia kila jua likizama. Corbin, mimi sikuhukumu. Nimefurahi! Nilipoambiwa nilikaribia kuvunja kikombe kwa furaha. Kama unaweza kuwapigia ng'ombe, nipigie na mimi. Mara moja."

Akatazama maji yanavyofurika kwenye dumu na hakulifunga.

"Wazee nao wameniuliza," akasema polepole.

"Ukawajibu nini?"

"Sikuwajibu. Wananitazama kwa jicho la pembeni tangu hapo."

"Basi nijibu mimi. Ni wewe?"

Akainama, akaanza kuosha kifuniko cha dumu.

"Corbin, wewe hujui kusema uongo."

"Ndiyo maana sikujibu."

Hapo moyo wangu ulipaa. Niliona kama nimeshapata nilichofuata. Asiyepiga si angesema hapigi? Nikajikaza kisabuni, nikauliza na lile jingine, lile lililonikaa rohoni tangu nilipovua pete.

"Na nikirudi? Nikatundika gitaa, nikavaa sketi hizi za Shangazi, nikakaa upande wa wanawake kila Jumapili? Ungenioa?"

"Kesho asubuhi."

Alilisema haraka mno, mpaka tukaogopa wote wawili. Kisha akashusha pumzi.

"Lakini ningekuwa nakukosa huku umekaa mezani kwangu. Ningekuwa naingia nyumbani namtafuta Minta, namkuta mwanamke mwingine kanyamaza. Ndiyo maana sijakuomba. Usidhani sikutaka, Minta. Nimetaka mpaka nimeumwa."

"Na mimi kukuomba fidla, si ni hivyo hivyo?"

"Ni hivyo hivyo," akasema. "Tofauti ni kwamba wewe umeomba."

Kengele haikuwapo kanisani kwetu, lakini sauti za wanaume zilianza ndani, na tukajua wakati umefika. Akafunga dumu.

"Nipe jibu moja tu," nikasema. "Kesho unakuja?"

"Ngoja ibada iishe."

Basi nikaingia na tumaini langu, nikakaa benchi la nyuma, upande wa wanawake. Ibada ilikuwa ndefu kama zilivyo zote. Wahubiri walipokezana, majina ya wafu yakatajwa, na lilipotajwa la baba yake Corbin nikaona kisogo cha Mama Orlena kinatikisika. Kisha Corbin akasimama kuongoza wimbo. Kwetu kiongozi hutupa mstari mmoja kwa haraka, peke yake, na kanisa zima huupokea polepole, kila mtu akiuvuta na kuupinda kwa njia yake, bila ala, bila kitabu mikononi. Alitupa mstari. Nilikuwa nimeapa sitafungua mdomo, si kanisa langu tena, lakini sauti ilinitoka yenyewe. Alitupa, nikapokea. Alitupa, nikapokea. Huko studio watu wananiuliza sauti yangu nimeisomea wapi. Ningewaleta hapa, wangeacha kuuliza. Nililia wakati huo, nalisema wazi, na bibi aliyekaa kando yangu akanipa leso yake bila kunitazama.

Mwisho wa ibada ukaja mkono wa kuagana. Wimbo wa mwisho unaimbwa, na watu wote wanaondoka vitini, wanazunguka kanisa wakishikana mikono, wanaume kwa wanawake, wenyeji na wageni, hata waliogombana, kwa kuwa huwezi kujua mwakani atakuwapo nani. Ndiyo nafasi pekee mwanamke kama mimi anaweza kumshika mwanamume kama yule mbele ya macho ya wote, na hakuna atakayesema neno.

Nilimwona anavyokuja. Alishika mkono wa mzee mmoja, wa pili, wa yule bibi wa leso. Kisha akanifikia. Alinishika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake yote miwili, kama desturi, na vidole vyake vya kushoto vikalala juu ya mkono wangu.

Vilikuwa laini.

Nilivisikia kimoja kimoja. Ncha zake zilikuwa laini kama za karani, kama za mtu ambaye hajawahi kugusa uzi maishani mwake. Sugu haipo. Hapakuwa na hata dalili ya sugu. Mtu hawezi kupiga fidla kila jioni akawa na vidole vile. Nikamtazama, akanitazama, na alijua nimejua, maana kope zilimshuka. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Alinishika kwa muda ule ule aliomshika kila mtu, hakuzidisha, hakupunguza. Akasogea kwa mwingine.

Nilibaki nimenyoosha mkono hewani kama mwombaji, na mkono mwingine ukaja ukaudaka. Ulikuwa mkono mkavu, mrefu, wenye harufu ya sabuni. Mama Orlena. Mkono wake wa kushoto ulitoka mfukoni kwa mara ya kwanza siku ile, ukaja juu ya wangu, na ncha za vidole zikanikwaruza.

Toba! Zilikuwa sugu. Ngumu, mbichi, nne, kila moja mahali pake.

Niliinua uso. Macho yake makavu yalikuwa yamejaa maji, na midomo haikutikisika sana aliposema, kwa sauti ya chini ya wimbo, "Baba alinifundisha mimi kabla sijabatizwa. Nilitundika nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Usiondoke kabla jua halijazama. Baraza ya Zella inasikia vizuri."

Akaniachia, akasogea kwa mwingine.

Chakula sikukila. Nilirudi kwa Shangazi nikakaa barazani. Aliniletea kuku, akaniletea keki ya tufaha, mwisho akaniletea maharagwe ya kuvunja, akisema mikono ikiwa na kazi roho inatulia. Tukavunja maharagwe. Jua likaanza kuondoka upande wetu mapema, kama kawaida yake, likabaki kwenye paa la ghala la kina Amburgey.

Fidla ikaanza.

Mkono ulikuwa mzito, wa mtu aliyeacha miaka mingi, na upinde ulikuwa unakwama hapa na pale. Lakini nyuzi zilikazwa vile vile alivyozikaza Babu Ezra. Sehemu ya kwanza. Ya pili. Kisha ya tatu, na kweli haikupanda. Ilishuka. Ilishuka polepole mpaka chini kabisa, mahali ambapo mimi na Corbin hatukuwahi kufikiria kwenda, ikatulia pale. Akairudia. Akairudia tena, taratibu zaidi, kama mtu anayemshika mtoto mkono amfundishe kutembea, na hapo ndipo nilipojua ananifundisha mimi. Mama yule aliyenifungia mlango wa nyumba yake alikuwa ananipa wimbo wa baba yake, ng'ambo ya kijito, kwa njia ile ile alivyopewa yeye. Simu yangu ilikuwa mfukoni, ina kinasa sauti kizuri tu. Sikuitoa. Niliupokea kwa sikio, nikiuimba puani, mpaka ukanikaa.

"Si nilikwambia Corbin anapi..." Shangazi akaanza, kisha akaacha mdomo wazi.

Nami nilikuwa nimemwona. Corbin alikuwa amekaa nyuma ya ghala, nje, upande wa kijito, juu ya gogo, bado na shati lake la kanisani. Kaegemeza kichwa kwenye mbao na kafumba macho. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya goti, na vidole vile laini vilikuwa vinatembea, vinafuata kila noti. Miezi yote hiyo wazee wamemtazama kwa jicho baya kwa kosa lisilo lake, naye kanyamaza, amebeba, ili mama yake apate pa kulilia.

"Kumbe," Shangazi akanong'ona.

"Nyamaza, Shangazi."

"Mimi? Ninyamaze?"

"Ukinipenda."

Akachukua haragwe jingine. "Basi nimenyamaza," akasema, na najua mpaka leo hajamwambia mtu, jambo ambalo kwa Zella ni muujiza.

Corbin akafumbua macho, akaniona. Kijito kile hata mtoto anakiruka, nimekwambia. Tulitazamana juu yake, na kila nilichokuwa nimebakiza kumwambia nilikiona usoni mwake kimeshasemwa. Akainua mkono. Nilidhani ananipungia. Akaweka kidole mdomoni. Fidla iliponyamaza, aliinuka upesi, akanyata kuzunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni. Mama Orlena alipotoka ghalani, akikung'uta majani kwenye sketi, taa ya jikoni ilikuwa inawaka na mwanawe amekaa mezani na Biblia, kama mtu asiyesikia kitu.

Jumatatu Pruitt alinipokea mlangoni mwa studio. "Mpiga fidla yuko wapi?"

"Hayupo."

"Kwa hiyo wimbo tunautoa?"

"Hatuutoi. Fungua kipaza sauti."

Niliuimba kwa sauti tupu, bila gitaa, bila chochote, vile tunavyoimba kanisani kwetu. Sehemu ya tatu niliiimba bila maneno, ikashuka mpaka chini kabisa, ikatulia. Pruitt alivua miwani akafuta macho, akaniuliza sehemu ile imetoka wapi, nikamwambia imetoka nyumbani. Kisha akaurudisha mkanda nyuma, akasimama pale baada ya ubeti wa pili, kwenye kimya.

"Hapa umeacha shimo, Minta. Refu. Tulizibe na gitaa?"

Nikamwambia aliache hivyo hivyo. Kuna mtu anaendesha lori huko kwetu, na anajua pa kuingilia.